Mahali pa Kulala Mara Mbili

Usiku wa tatu wa safari yangu ya kwanza ya kutembea porini na hema mgongoni, tulikuwa watu wawili na maji yasiyofika lita moja. Tulikuwa tumekaa kando ya mkondo wa mawe meupe, makavu, ambao kwenye ramani ulikuwa kijito. Mwenzangu alichimba mchanga kwa mfuniko wa sufuria karibu nusu saa, akapata unyevu wa kulowesha vidole tu. Ng'ambo ya bonde, jua la machweo lilikuwa limeyapaka rangi ya shaba magenge ya milima tuliyoiota kwa miezi, na hakuna kati yetu aliyeinua macho kuyatazama.

Safari ile tuliichagua kwa picha moja. Ilikuwa picha nzuri kweli: mgongo wa mlima wenye nyasi mbichi, maua ya zambarau, na kijito kikishuka katikati. Kumbe ilipigwa theluji ilipokuwa ndiyo kwanza imeyeyuka, nasi tulifika miezi mitatu baadaye. Ramani ilikuwa imetuambia tangu mwanzo. Kijito kile kilichorwa kwa mstari wa buluu uliokatikakatika. Mstari mzima ni maji ya mwaka mzima. Uliokatikakatika ni maji ya msimu. Nilikuwa nimeikodolea macho ramani ile jioni nyingi, lakini nilichokuwa nikisoma ni majina ya vilele.

Usiku ule tulikunywa kwa mafunda ya kuhesabu. Alfajiri tulishuka kwa saa nne mpaka mto wa bondeni, na safari ikaishia hapo.

Tangu wakati huo nimebadilisha swali ninalojiuliza ninapotafuta eneo la kwenda. Zamani nilikuwa nauliza ni wapi pazuri. Siku hizi nauliza ni wapi ningependa kulala usiku wa pili. Mtu aliyebeba kilo 15 haoni milima. Anaona visigino vya aliyemtangulia, mizizi, na jiwe la kukanyaga baada ya jiwe. Milima humjia akishatua mkoba, jasho limemkauka, na ndege waliokimbia kishindo chake wamerudi mahali pao. Kwa hiyo pori lenye mandhari nzuri, kwangu mimi, ni pori linalonipa pa kukaa: maji karibu, kipande cha ardhi tambarare, kinga ya upepo, na kitu cha kutazama saa kumi na mbili asubuhi nikiwa bado ndani ya begi la kulalia.

Naanza na hesabu kabla sijafungua picha yoyote. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembezi wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu, njia nzuri, na bila kupumzika. Mimi nikiwa na mzigo wa siku nne nahesabu kilomita tatu kwa saa, na kupanda nakuongeza vilevile. Siku ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 900 inanipa saa tano na nusu za miguu peke yake. Ongeza kula, kuchuja maji, kufunga malengelenge, kusimama kwenye njia panda na kubishana juu ya ramani, siku imekwisha. Mpango wetu wa ile safari ya kwanza ulikuwa kilomita 22 kila siku kwa siku tano. Nikilifungua daftari lile leo naona tulijipangia kazi ya uchukuzi. Siku hizi safari ya siku nne ni kilomita 30, ikizidi sana 40, na siku moja kati ya hizo hema haling'olewi.

Hesabu ikishakaa sawa, ramani inakuwa raha.

Napenda ramani ya karatasi ya 1:50,000, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja. Naitandaza mezani, nachukua uzi wa pamba, naulaza juu ya njia kona kwa kona, kisha naunyoosha kwenye rula. Simu inapima kwa sekunde moja, na ninaitumia pia. Lakini uzi unanilazimisha kupita taratibu juu ya kila kona, na hapo ndipo macho yanapoanza kushika mambo. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikibanana, ardhi imesimama. Ikigusana mpaka ikawa kama wino mmoja mzito, hilo ni genge. Ikiachana ghafla katikati ya mteremko, hapo pana kibaraza, na kibaraza ndiyo kambi. Mstari wa buluu ukikata kontua zilizobanana, maji yanaanguka, hata kama aliyechora ramani hakuandika popote neno maporomoko. Mengi ya maporomoko niliyoyapenda hayana jina. Niliyaona kwanza kwenye karatasi.

Alama ninayoitafuta kuliko zote ni doa dogo la buluu lililozungukwa pande tatu na kontua zilizobanana, upande wa nne ukiwa wazi. Hilo ni bakuli lililochimbwa na barafu zamani sana. Barafu ilikaa pale maelfu ya miaka, ikajiburuta kwa uzito wake, ikakwangua sakafu na kuzisimamisha kuta; ilipoyeyuka ikaacha ziwa. Kama juu ya ziwa bado kuna barafu inayotembea, maji yake huwa ya buluu yenye utusitusi wa maziwa, kwa sababu barafu husaga mwamba kuwa unga laini kabisa, na unga huo huelea majini na kuurudisha mwanga. Ukiliona doa la namna hiyo kilomita moja au mbili pembeni ya njia kuu, na kontua za kulifikia zinapitika, liwekee alama ya penseli.

Halafu tafuta jua litatokea wapi. Watu wengi hawafanyi hivi, nami sielewi kwa nini, maana ramani yoyote inaonyesha kaskazini. Ukitaka kuona mwanga wa kwanza ukishuka juu ya mwamba, ukuta huo uwe magharibi yako, uso wake ukitazama mashariki, na nyuma yako pawe wazi ili jua likufikie mapema na kukausha hema. Ukiweka kambi chini ya ukuta ulio mashariki, utakaa kivulini na umande mpaka saa tatu au nne. Upande huu wa pili una uzuri wake jioni, kwa hiyo anayependa machweo apindue hesabu.

Ziwa lililonifunza haya tulilifikia saa tisa alasiri, watu watatu, baada ya kuiacha njia kuu na kupanda kwenye nyasi kwa saa moja na nusu. Tuliweka hema kwenye kibaraza juu ya maji, pembeni ya miti ya mwisho, ile inayokua mifupi na iliyopinda kwa upepo. Mstari huo ambapo miti inakoma ndio ninaoupenda kwa kambi: unapata kinga ya miti na uwazi wa juu kwa pamoja. Kukaa juu kidogo kulikuwa na sababu nyingine. Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama chini kabisa. Asubuhi nyasi za kando ya ziwa zilikuwa nyeupe kwa jalidi, na hema letu, ambalo halikuwa juu hata mita 40, lilikuwa na unyevu mdogo tu.

Mwanga ulianza kama uzi wa rangi ya chungwa juu kabisa ya ukuta. Ukashuka. Uligusa ufa mmoja mrefu, ukaujaza, ukaendelea, na kila ulipofika jambo dogo jipya lilijitokeza: kishungi cha majani kwenye mwanya, doa la kutu, ukanda wa barafu usiozidi upana wa mlango. Tulikaa kimya. Yapata saa nne, jua likiwa limeujaza ukuta wote, vijiwe vilianza kudondoka. Kimoja, kisha viwili, kisha sauti kama mtu anamwaga kokoto. Niliogopa. Kesho yake, saa ileile, vikadondoka tena. Barafu iliyoshika vijiwe usiku ilikuwa ikiachia jua lilipoipasha moto. Tungeondoka siku ya kwanza nisingejua kwamba ukuta ule una saa yake, wala kwamba ndege mmoja mdogo wa kijivu huja kuoga kwenye jiwe lilelile mara tu vijiwe vinaponyamaza.

Sasa kuhusu maeneo maarufu. Sina ugomvi nayo; yalipata sifa kwa haki. Lakini sifa inakuja na masharti, na masharti lazima yawe sehemu ya uchaguzi. Milford Track huko New Zealand ni njia ya kilomita 53.5, katika msimu wake inatembewa upande mmoja tu, kwa siku nne, huruhusiwi kupiga hema, na watembezi wanaojitegemea wanaoanza kila siku hawazidi 40. Yaani usiku wa pili mahali pamoja haupo. John Muir Trail nchini Marekani, karibu kilomita 340 kutoka Yosemite hadi Mount Whitney wenye mita 4,421, inahitaji kibali kinachogombewa na watu wengi mno, na vyakula vyote vifungwe kwenye pipa gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Uskoti, kwa upande wake, sheria ya mwaka 2003 inamruhusu mtembezi kupiga kambi ndogo kwa siku chache kwenye sehemu kubwa ya ardhi isiyolimwa, mradi awe mwangalifu. Mtu anayetaka kukaa na anayetaka kumaliza njia hawapaswi kwenda mahali pamoja.

Nimeona pia kwamba kando ya bonde maarufu karibu kila mara kuna bonde jirani lenye mwamba uleule, maji yaleyale na misitu ileile, ila halina ile picha moja inayojulikana. Huko ndiko penseli yangu huenda.

Kibali sikichukulii kama kero. Mara mbili nimekataliwa, na mara zote mbili nilipofika baadaye nilikuta kijia chembamba, nyasi zimesimama pande zote, na sauti ya maji tu. Hiyo ndiyo kazi ya ile idadi ndogo.

Msimu ni nusu ya mahali. Pori moja lina sura nne kwa mwaka, na wewe unaichagua mojawapo unapochagua tarehe. Kaskazini mwa ikweta, miteremko inayotazama kaskazini hushika theluji wiki nyingi baada ya ile ya kusini kukauka. Njia inayovuka safu ya milima inaweza kuwa vumbi upande mmoja na barafu upande wa pili. Fiordland, eneo la New Zealand inakopita ile Milford Track, hupata mvua ya mita kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo atakayekwenda aipende mvua. Na kwa kweli maporomoko yake hujitokeza mengi mvua inaponyesha. Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, upepo mkali huja hasa wakati wa kiangazi chao, ambao ndio msimu wa wageni. Rwenzori, hata miezi ya ukame, ni matope ya kuzamisha buti.

Mito inayolishwa na theluji ilinifunza somo langu la pili gumu. Tulifika kwenye kivuko saa kumi na moja jioni, tukakuta maji ya kijivu yanaunguruma, na chini yake mawe yakigongana. Niliingia hatua tatu yakanifika mapajani, nikahisi mguu wa mbele unasukumwa kabla sijaukanyagisha. Nilirudi. Usiku nilisikia mto ukipunguza sauti saa baada ya saa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulivuka palepale maji yakiwa chini ya magoti, mikanda ya mkoba imefunguliwa ili tukianguka tujivue, nyuso zimeelekea maji yanakotoka. Theluji huyeyuka mchana, na maji yake hufika chini jioni; usiku baridi hufunga bomba. Tangu hapo, nikiona kivuko kikubwa kwenye ramani, naweka kambi kabla yake kwa makusudi.

Mambo kama haya hayamo kwenye picha wala kwenye maelezo ya waliopita mwaka juzi. Anayeyajua ni askari wa hifadhi. Nilikuwa nampigia simu na kumuuliza kama njia ni nzuri, naye alijibu kwamba ni nzuri, kwa sababu ni nzuri. Mzee mmoja, mwenye sauti ya taratibu, ndiye aliyenirekebisha.

"Kijana, niulize maji yako wapi wiki hii," alisema. "Halafu niulize wewe ungekuwa mwanangu ningekuzuia kupita wapi."

Nikamuuliza vyote viwili, hivyohivyo. Kwa dakika kumi alinitajia chemchemi moja iliyokufa, daraja lililobebwa na mafuriko, na uwanda ambao yeye mwenyewe hulala akipata nafasi. Uwanda ule haukuwa kwenye orodha yangu. Tulilala hapo usiku mbili.

Kuhusu urefu kutoka usawa wa bahari nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hauna mjadala. Ukipita mita 3,000, mahali unapolala kila usiku pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Eneo ambalo kontua zake zinakulazimisha kuruka mita 1,200 kati ya kambi na kambi si eneo la safari fupi, hata liwe zuri vipi. Na joto hupungua karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, basi begi la kulalia lilinganishwe na kambi ya juu kabisa.

Jambo ambalo nililipuuza kwa muda mrefu ni njia ya kutokea. Rafiki yangu mmoja aliteguka goti siku ya pili ya safari ya mzunguko, mahali ambapo mbele palikuwa na kilomita 19 na nyuma kilomita 21. Hakuna njia ya pembeni. Simu hazikushika mtandao. Tuligawana mzigo wake, tukamchongea fimbo mbili kwa matawi yaliyoanguka, tukatembea kilomita mojamoja kwa saa.

"Nisamehe, ndugu yangu," aliniambia jioni, "nimekuharibia safari."

Maneno yale yaliniuma, maana aliyechagua eneo lisilo na mlango wa kati nilikuwa mimi. Siku hizi uzi ukishapita juu ya ramani, narudi na kalamu nyekundu natia alama kila mahali mtu anaweza kushuka barabarani ndani ya nusu siku. Kama alama hazipo, naliacha eneo hilo kwa wakati ambao nitakuwa na watu wazoefu tu. Na nakala ya ramani yenye alama hizo inabaki kwa mtu nyumbani, pamoja na saa ambayo nikiwa sijapiga simu atafute msaada.

Kuna maeneo nimeyafuta kwenye orodha ingawa yanaruhusiwa na ni ya kupendeza. Ukoka ulio juu ya mstari wa miti hukua polepole sana. Mahema machache mahali pamoja yanaacha kovu la miaka. Ziwa moja nililolipenda nilikuta ukingo wake umekuwa udongo mtupu pande zote, kwa sababu kila mtu alitaka mlango wa hema utazame maji. Kanuni ya kukaa mita 60 kutoka majini ipo kwa ajili hiyo, na haikunyimi chochote: kutoka mita 60 ziwa linaonekana zima. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, nalo mbali vilevile. Na moto nimeuacha kabisa mahali penye upepo. Mwaka 2005, katika hifadhi ya Torres del Paine nchini Chile, jiko la kambi la mtalii mmoja aliyekaa mahali pasiporuhusiwa lilianzisha moto uliounguza zaidi ya hekta 10,000. Jiko moja dogo. Kila ninapowasha langu natafuta kwanza mwamba au udongo mtupu, nakinga upepo kwa mwili wangu, na sisogei hadi maji yachemke.

Sasa hivi nina ramani nyingine mezani. Ina madoa mawili ya penseli, moja likiwa chini ya ukuta unaotazama mashariki kama ninavyopenda, na nilikuwa nimeshaulaza uzi kulielekea. Leo asubuhi nimepiga simu hifadhini nikauliza maswali yale mawili. Theluji bado imejaa kwenye mlango wa kaskazini, na itakuwepo kwa wiki tano zaidi. Nimeunyanyua uzi na kuupitisha kusini, kwenye doa la pili, lililo dogo na lenye ukuta mfupi. Ni kilomita 31 kwenda na kurudi, lina mstari wa buluu usiokatika, njia mbili za kushuka barabarani, na kibaraza ambacho kontua zake zimeachana upana wa ukucha wangu wa kidole gumba. Nimekiandikia usiku mbili.